Juu ya Paa la Park Street

Ukifika Malindi, pembeni ya bahari, utakuta kikanisa kilichoachwa na Wareno. Ni kidogo mno, watu wachache tu wakiingia wanabanana. Paa lake ni la makuti, kuta zimepakwa chokaa, na nje yapo makaburi machache. Mwaka 1542 meli iliyokuwa safarini kwenda Goa, India, ilitia nanga Malindi, na ndani yake alikuwemo padri Fransisko Ksaveri (Xavier), mmoja wa wa kwanza katika shirika la Kikatoliki la Wajesuiti. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huohuo, anasimulia kwamba mzee mmoja wa mji, Mwislamu, alimweleza jambo lililokuwa likimsumbua. Malindi ilikuwa na misikiti 17, lakini iliyokuwa na watu ni mitatu tu, na hata hiyo waliokuwa wakienda ni wachache. Mzee alitaka kujua kama kwa Wakristo nako mambo ni hivyohivyo.

Swali la mzee yule hunijia kila ninaposoma historia ya shule za India zilizopewa jina la padri huyo. Majengo yapo, tena makubwa. Ndani yake kunafanyika nini, na kwa faida ya nani? Nachukua moja tu kati ya shule hizo, St. Xavier's ya wavulana mjini Kolkata, kwa sababu naamini watu wengi wanaoisifu wanaisifu kwa jambo lisilostahili sifa hiyo.

Ksaveri mwenyewe hakufika Bengal, eneo ambalo Kolkata imo. Waliofungua shule Kolkata ni wanafunzi wa wanafunzi wake, karne tatu baadaye, na hata hao walianza kwa kushindwa. Wajesuiti kutoka Uingereza walifungua shule kwa jina hilohilo mwaka 1835, na kufikia 1846 walikuwa wamefunga na kuondoka. Wakaja Wabelgiji. Tarehe 16 Januari 1860, padri Henri Depelchin na wenzake walipokea wanafunzi wa kwanza katika jengo la Park Street, mtaa ambao zamani ulikuwa ukiitwa Barabara ya Makaburini kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikielekea kwenye makaburi makubwa ya Wazungu.

Jengo lenyewe lilikuwa na kumbukumbu ya msiba. Lilikuwa ukumbi wa maonyesho ulioitwa Sans Souci, jina la Kifaransa lenye maana ya "bila wasiwasi". Mhusika wake mkuu alikuwa Esther Leach, mwigizaji aliyependwa kuliko wote katika Kolkata ya Waingereza. Usiku mmoja wa Novemba 1843, akiwa kando ya jukwaa anasubiri zamu yake, gauni lake liligusa taa ya mafuta, likashika moto. Alifariki baadaye mwezi huohuo, na ukumbi haukuinuka tena sawasawa. Baadaye jumba likaja kuwa mali ya Kanisa. Kwa hiyo mahali ambapo watoto wa Kolkata wamesoma hesabu na Kilatini kwa zaidi ya miaka 160 palikuwa kwanza mahali pa kuwaonyesha watu jambo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu mtu muhimu kuliko wote katika historia ya shule hii alifanya kazi hiyohiyo ya kuwaonyesha watu.

Jina lake Eugène Lafont, mzaliwa wa Mons, Ubelgiji, 1837. Alishuka Kolkata Desemba 1865 akiwa Mjesuiti kijana aliyetumwa kufundisha sayansi mahali ambapo vifaa vya sayansi vilikuwa haba. Mji ulikuwa bado na kidonda kibichi. Oktoba ya mwaka uliotangulia, 1864, kimbunga kilikuwa kimeipiga Kolkata na vijiji vya mtoni, kikasukuma maji ya mto Hugli nchi kavu na kuua watu wanaokadiriwa kufika 60,000. Meli zilitupwa juu ya kingo kama vifuu.

Lafont alipanda juu ya paa la shule na kupanga vifaa vyake, barometa na vingine vya kupimia hali ya hewa. Havikuwa vya kutisha. Alikuwa akivisoma kila siku na kuandika. Novemba 1867 akaona kipimo cha barometa kinashuka kwa namna asiyoipenda, akapiga mbiu kwamba kimbunga kinakuja. Kilikuja kweli, na wakuu wa mji walikuwa wameshaonywa. Kuanzia hapo vipimo vya padri wa Park Street vikawa vinachapishwa gazetini kila wiki, na nahodha aliyekuwa na meli bandarini alikuwa na sababu ya kuvisoma sawasawa na profesa.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya shule hii. Ufaulu, nidhamu, tai zilizofungwa vizuri na Kiingereza kisicho na lafudhi ni vitu vilivyopatikana katika shule nyingi za wakoloni. Lakini shule ambayo paa lake linamlinda mvuvi ambaye mtoto wake hatakaa asome hapo ni shule ya namna nyingine. Vipimo vile havikuwa vya wanaolipa ada, vilikuwa vya mji mzima.

Mwaka 1874 sayari ya Zuhura ilipopita mbele ya jua, Lafont alikuwa Madhupur pamoja na wanaastronomia wa Italia waliokuja chini ya Pietro Tacchini. Aliporudi akaanza kuomba michango, na mwaka uliofuata shule ikawa na chumba chake cha kuangalizia nyota, chenye darubini na kuba. Nalitaja hili kwa haraka kwa sababu lililo kubwa zaidi lilikuwa linaandaliwa mtaa mwingine.

Daktari Mbengali, Mahendralal Sircar, alikuwa kwa miaka kadhaa akihubiri kwamba Wahindi wanahitaji mahali pao wenyewe pa kufanyia sayansi, panapoendeshwa na wao, bila kusubiri hisani ya serikali. Lafont akasimama upande wake. Ukazuka ubishi ambao sisi tunaojadili vyuo vya ufundi na vyuo vikuu tutautambua mara moja. Kundi jingine la viongozi wa Kibengali lilitaka fedha zilizochangwa zijenge shule ya ufundi, vijana wapate stadi na ajira. Lilikuwa wazo la busara, na lilikuwa na wenye nguvu nyuma yake. Lafont alilipinga hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba mpango ule ungewafanya Wahindi kuwa mafundi watakaohitaji Mzungu wa kuwasimamia siku zote, ilhali mpango wa Sircar ulilenga, polepole, kuwatoa wananchi wake katika utumwa huo wa aibu. Fikiria aliyesema hayo: Mzungu, padri, mgeni katika himaya ya Waingereza, mwaka 1876. Sikubaliani na kila neno, kwa maana fundi mwenye akili timamu hahitaji msimamizi na nchi haisimami bila mafundi. Lakini alijua ni nani aliyekuwa akipanga mafundi wakae wapi, na hilo ndilo alilolikataa.

Chama cha Sircar kikaanzishwa mwaka huohuo katika mtaa wa Bowbazar. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi jioni, Lafont alikuwa akitoka Park Street kwenda kufundisha pale. Alionyesha umeme, mwanga, sauti. Kifaa kipya kilipobuniwa Ulaya, mara nyingi watu wa Kolkata walikiona kwanza mikononi mwake. Hakuwa mvumbuzi mkubwa, na sidhani alitaka kuwa. Kipaji chake kilikuwa kumfanya mtu aliyekaa kwenye benchi aseme moyoni, "Hata mimi naweza."

Mmoja wa waliosema hivyo alikuwa Jagadish Chandra Bose, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri. Safari yake inabomoa imani moja inayotutafuna Afrika Mashariki leo. Alizaliwa 1858. Baba yake alikuwa afisa wa serikali, mtu ambaye angeweza kabisa kumpeleka mwanawe shule ya Kiingereza tangu mwanzo, na wenzake wa daraja hilo walifanya hivyo. Yeye akampeleka shule ya Kibengali ya kijijini. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mashuhuri, Bose alieleza kwamba kulia kwake alikuwa akikaa mtoto wa mtumishi wa baba yake, Mwislamu, na kushoto mtoto wa mvuvi. Alikuwa akisikiliza hadithi zao za ndege, wanyama na viumbe wa majini kama aliyerogwa. Anasema huko ndiko shauku yake ya kuchunguza viumbe ilikoanzia.

Baadaye ndipo alipohamia Kolkata na kuingia St. Xavier's, shule iliyokuwa imejaa watoto wa Wazungu na machotara wa Kizungu na Kihindi, yeye kijana wa shamba mwenye Kiingereza cha kubabaisha. Wanaosimulia maisha yake wanasema alichokozwa siku za mwanzo na kulazimika kupigana ngumi. Kisha akakutana na Lafont. Kufikia mwaka 1895 alikuwa katika ukumbi wa mji wa Kolkata akipeleka mawimbi yasiyoonekana kupita ukutani, yakapiga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Dunia ilikuwa bado haijaizoea simu ya upepo, yaani mawasiliano ya redio. Mwaka 1897 padri aliyekuwa mwalimu wake alisimama mbele ya watu wa mji kuonyesha kazi ya mwanafunzi wake.

Kwa hiyo ukiulizwa ni shule ipi iliyomtoa Bose, jibu la haki ni mbili. Ya pili haikuhitaji kuifuta ya kwanza. Kibengali kilimpa udadisi na majina ya vitu, Park Street ikampa vifaa na mbinu. Mzazi anayedhani mtoto lazima anyang'anywe lugha ya nyumbani akiwa na miaka mitatu ili aje kuwa mwanasayansi, amtazame Bose.

Na amtazame pia mtoto wa pili.

Mwaka uleule wa 1875, Bose alipofaulu mtihani wa kuingia chuoni, kulikuwa na mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akiteseka katika shule hiyohiyo. Rabindranath Tagore alikuwa ameshapitia shule nyingine na kuzichukia zote. Mama yake alikuwa amefariki mwaka huo. St. Xavier's nayo hakuipenda. Katika kumbukumbu zake za utuuzimani anaeleza walimu waliokuwa kama mashine, wanaosaga kila kinachoingia. Hakukaa sana, akaacha, na hakupata cheti chochote cha shule.

Lakini kuna mtu mmoja anayemtoa katika lawama hizo, na maelezo yake ni mafupi kiasi kwamba ukisoma haraka unayapita. Padri de Peñaranda, Mhispania, alikuwa akishika darasa kwa muda badala ya mwalimu wa kawaida. Kiingereza kilimpa tabu, na wavulana hawakumtilia maanani. Siku moja wanafunzi walikuwa wakinakili kazi, yeye anatembea katikati ya madawati. Kalamu ya Tagore ilikuwa imesimama. Padri aliliona hilo, na huenda zaidi ya mara moja, ila hakusema neno. Akasimama nyuma yake, akainama, akaweka mkono polepole begani mwa mtoto, akamuuliza kama hajisikii vizuri. Basi. Tagore anasema lilikuwa swali dogo tu, ila hajalisahau. Mtu huyo alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1913, na mwaka 1901 alikuwa ameanzisha shule yake mwenyewe Santiniketan, yenye wanafunzi watano, masomo yakifanyika chini ya miti.

Shule hujivunia jina la Tagore. Ni kawaida, shule zote hufanya hivyo. Ila ukweli wa mambo ni kwamba jengo lilimshinda, na aliyemgusa ni mwalimu wa muda asiyeweza Kiingereza sawasawa, aliyeona kalamu imesimama. Nimefundishwa na walimu wa namna zote mbili, na ninaowakumbuka kwa jina ni wale walioona kalamu.

Depelchin mwenyewe hakuishia Kolkata. Mwaka 1879 tunamkuta kusini mwa Afrika, akiongoza msafara wa magari ya maksai kutoka Grahamstown kwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika misheni ya Zambezi iliyomaliza mapadri wengi kwa homa. Akarudi India, na 1888 akaanzisha shule nyingine ya wavulana Darjeeling, milimani. Na kutoka katika misheni hiyohiyo ya Wabelgiji wa Bengal alitoka Constant Lievens, ambaye kuanzia 1885 aliacha mambo ya mjini, akaenda Chotanagpur kuwasaidia watu wa makabila ya Wamunda na Waoraon katika kesi za ardhi waliyokuwa wakinyang'anywa na wenye mashamba. Nawataja kwa sababu wapo wanaosema Wajesuiti wa India walikuwa walimu wa matajiri tu. Si kweli. Kilicho kweli ni kwamba kazi ya kijijini na kazi ya Park Street zilienda njia tofauti, na ile ya Park Street ndiyo iliyoota ukuta mrefu zaidi.

Ukuta huo ulirefushwa na lugha, na siasa ikaongeza matofali bila kukusudia. Jyoti Basu, mtoto wa daktari, alihamia St. Xavier's mwaka 1925. Akakua, akaenda London kusomea sheria, akarudi Mkomunisti, na kuanzia 1977 hadi 2000 alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la West Bengal. Serikali yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliondoa somo la Kiingereza katika shule za msingi za serikali hadi darasa la tano. Nia ilieleweka. Watoto wa wakulima walikuwa wakiacha shule, na ni haki ya mtoto kujifunza kusoma kwa lugha anayoiota usiku. Mimi nimeitetea hoja hiyo maisha yangu yote na bado naitetea.

Kilichotokea ni kwamba sheria iligusa shule za serikali peke yake. Shule kama za mapadri ziliendelea na Kiingereza chao. Mzazi wa daraja la kati, Mbengali mwenye kuipenda lugha yake na mashairi ya Tagore, akabeba mtoto na kwenda kupanga foleni kwenye geti la shule ya Kiingereza. Nafasi zikawa dhahabu. Mtoto wa mkulima akabaki na Kibengali peke yake katika nchi ambayo ofisi kubwa, mahakama kuu na vyuo vikuu vinasema Kiingereza. Mwaka 2004 Kiingereza kilirudishwa tangu darasa la kwanza. Kosa naliona hapa: Kibengali kiliachwa kiwe lugha ya shule za wasio na uwezo peke yao. Lugha ya wengi haiwezi kushinda kama wenye uwezo wanaruhusiwa kuikimbia, na Mtanzania yeyote aliyeangalia mabasi ya njano ya shule za binafsi yakipita mbele ya shule ya kata anajua ninachosema.

Basi ni nani anayepita geti siku hizi? Katiba ya India ya 1950, kifungu cha 30, inawapa watu wa dini na lugha za wachache haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao. Ndiyo maana India haikuwa na kitu kama Sheria ya Elimu yetu ya 1969 iliyozitwaa shule za misheni Tanzania. Ni kinga muhimu. Wakristo ni asilimia 2.3 tu ya Wahindi kwa sensa ya 2011, na yeyote anayefuatilia siasa za huko anajua kwa nini wanaishikilia. Lakini mwaka 2009 India ilipitisha sheria ya haki ya elimu, inayozitaka shule za binafsi kutenga asilimia 25 ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa maskini, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba shule za wachache haziguswi na sheria hiyo.

Ripoti ya Tume ya Taifa ya Kulinda Haki za Watoto ya 2021 ilipozitazama shule hizo nchi nzima, ilikuta kwamba karibu asilimia 74 ya wanafunzi wa shule za Kikristo hawatoki katika jamii za wachache, na kwamba katika shule za wachache kwa ujumla, watoto wa familia duni hawafiki asilimia 9. Wapo wanaoitilia shaka nia ya ripoti hiyo, na siwalaumu. Hata hivyo nambari zinauliza swali ambalo haliondoki kwa kumshuku anayeuliza. Ikiwa kinga iliwekwa kwa ajili ya Mkristo maskini, na wanaojaza madarasa ni watoto wa wenye uwezo wa dini nyingine, kinga inamlinda nani? Simaanishi mtoto wa Kihindu au Kiislamu asiwepo pale. Kuwepo kwake ni moja ya mambo mazuri ya shule hizi, na Bose na Tagore hawakuwa Wakatoliki. Nauliza kuhusu mtoto wa mvuvi aliyekaa kushoto kwa Bose. Angepita?

Kaulimbiu ya St. Xavier's ni Kilatini, *Nihil Ultra*, hakuna zaidi ya hapa. Sidhani Lafont aliiamini kwa maana hiyo ya geti. Alifariki Mei 1908 huko Darjeeling, baada ya zaidi ya miaka 40 nchini India.

Mwaka mmoja kabla, kijana wa miaka 18 kutoka kusini mwa India alikuwa ameajiriwa Kolkata kama msaidizi wa Mhasibu Mkuu wa serikali. Hakuwahi kusoma St. Xavier's. Akiwa ndani ya tramu, akiwa anapita Bowbazar, aliona kibao cha chama kile cha Sircar, ambacho kufikia wakati huo kilikuwa kimepooza na maabara zake kukosa watu. Akashuka, akagonga. Akafunguliwa. Kuanzia hapo C. V. Raman alikuwa akiingia asubuhi kabla ya ofisi na kurudi jioni baada ya kazi, na ilikuwa ndani ya chama hicho, tarehe 28 Februari 1928, alipoona mwanga uliopita katika kimiminika ukitoka na rangi ambazo haukuingia nazo. Nobel ya Fizikia ilikuja 1930.